Ndoo Nne na Kaunta Moja: Kisa cha Timu ya Shule na Wasichana Walioishangilia

Msimu wa 2024 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari ya kutwa, juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba mkoani Mtwara. Shule siitaji, na watu wake siwataji. Ila kisa chenyewe nakiandika kwa sababu kila tukikutana walimu wa michezo nakisikia kikisimuliwa kombo: timu ilikuwa inaongoza ligi, mkuu wa shule akawapiga marufuku wasichana wa hamasa, vijana wakakosa mori, ubingwa ukaponyoka kwa pointi 1. Matokeo ni hayohayo, siyabishii. Ninachobisha ni hilo neno "mori". Tena aliyekosea kuliko wote hakuwa mkuu wa shule.

Ligi yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Walimu wa michezo wa shule sita tulikubaliana tucheze nyumbani na ugenini, mechi 10 kwa kila timu, Jumamosi saa kumi jioni, dakika 40 kila kipindi, kuanzia Februari hadi katikati ya Mei. Bingwa angepata mbuzi na mipira miwili. Shabaha kubwa ilikuwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini: tukifika Mei kila mwalimu awe anajua nani anafaa kupelekwa kwenye mchujo wa wilaya. Huko si shule tena inayocheza, watoto huchaguliwa mmoja mmoja na kuunda timu ya wilaya, kisha mkoa, kisha taifa. Vijana wa huku wanaijua ngazi hiyo vizuri, maana mashindano ya taifa yalifanyika Mtwara mjini mwaka 2019 na tena 2021. Nahodha wetu alikuwa Kidato cha Kwanza ile mara ya pili, akaenda kushuhudia kwa lifti ya lori. Kwa miezi kadhaa hakuwa na mazungumzo mengine.

Jambo moja la kukumbuka kabla sijafika mbali: Februari hadi Mei ni miezi ya ukata kwetu. Pesa ya korosho huingia kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, minada inapopamba moto. Ikifika Februari imeshageuka mabati, sare, harusi na madeni yaliyolipwa. Na waliouza kwa kangomba, yaani walioshika hela korosho zingali mtini kwa bei ya kutupwa, mnada waliusikia redioni tu. Kwa hiyo timu yetu ilicheza ligi nzima katika kipindi ambacho nyumbani kwa wachezaji wengi sufuria moja ndiyo iliyopanda jikoni kwa siku.

Wasichana kumi na sita

Kikundi cha hamasa hakikuanzishwa na shule. Wasichana walikianzisha wenyewe mwaka 2023, wengi wakiwa Kidato cha Pili, baada ya mmoja wao kuona kwenye simu ya kaka yake video ya washangiliaji wa shule za Marekani wakirushana juu. Hawakujaribu kurushana. Walichochukua ni vile vishada vya kupeperusha, wakavitengeneza kwa kuchana mifuko ya salfa iliyobaki baada ya mikorosho kupuliziwa. Nikawakataza, salfa inawasha macho. Wakaenda kuiosha mifuko mara tatu, wakarudi navyo, nikanyamaza.

Wengi hudhani kazi hii tangu asili ni ya wasichana. Huko Marekani ilianza na wanaume: mwaka 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi Johnny Campbell alisimama mbele ya umati akawaongoza kupaza sauti timu yao ilipokuwa ikisuasua. Wanawake waliingia miaka ya 1920. Leo vikundi vya huko vina makocha, sare, bajeti na mashindano yao wenyewe. Cha kwetu kilikuwa na ndoo nne.

Ndoo hizo ni za plastiki, za lita 20, zile zilizokuja na rangi ya ukuta. Zikipinduliwa zinatoa mlio mkavu unaosikika mpaka barabara kuu. Mbili zilipigwa kwa fimbo za mpera, mbili kwa viganja. Kibwagizo chao kikuu kilikuwa cha maneno mawili tu: mmoja anaita "Mkorosho hauyumbi!", wengine wanaitikia "Hauyumbi!", na mabeki wetu wanne walikipenda kuliko wimbo wa shule.

Lakini ndoo hizo, kabla hazijapinduliwa, zilikuwa na maji.

Aliyewahi kuishi uwandani anajua maji yalivyo. Tuko juu, maji yako chini sana. Mabomba ya mradi wa Makonde yana siku zake, na siku nyingine hayana. Kaya nyingi zenye uwezo zimejenga tangi la saruji ardhini, la kuvuna maji ya paa wakati wa masika. Tangi la shule lilikuwepo, ila mfereji wa paa upande mmoja ulikuwa umeng'oka, na kilichoingia kilikuwa mali ya jiko. Wasichana walikuwa wakichota kwa bibi mmoja aliyekaa mwendo wa dakika kumi kutoka uwanjani, kwa sababu mjukuu wake alikuwa kikundini. Saa tisa alasiri ndoo nne zinaingia uwanjani zikiwa vichwani, zimefunikwa majani ya mgomba. Mbili zinanywewa na kunawiwa kabla ya mechi, mbili wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili kikianza zote ni tupu, zinapinduliwa. Ndiyo maana ngoma ya kipindi cha kwanza ilikuwa ya watu wawili na ya kipindi cha pili ya watu wanne. Mimi nilidhani ni mbinu ya kuwasha moto mwishoni!

Kaunta

Katibu wao alikuwa binti wa Kidato cha Tatu, mwembamba, mzito wa maneno. Alikaa kwenye mzizi wa mwembe karibu na kona ya kaskazini, kaunta, lile daftari nene la kurasa nyingi, ikiwa magotini. Siku ya kwanza nilipoifungua nilitegemea kukuta nyimbo. Nyimbo zilikuwa kurasa mbili za nyuma. Zilizobaki zote zilikuwa za timu.

Kila mechi ilikuwa na ukurasa wake. Namba ya jezi, aliyeingia, aliyetoka, dakika. Kadi aliichora kijimraba na kukipaka penseli ya rangi. Pembeni kulikuwa na safu yenye herufi HK, na mbele ya baadhi ya namba alama ya vema. Nikamuuliza HK ni nini.

"Hajala kitu, mwalimu."

"Unajuaje?"

"Tunaulizana asubuhi darasani."

Siku hiyo kulikuwa na vema tatu, mmoja wao mshambuliaji wetu wa kutegemewa. Kumbe wasichana walikuwa wakichanga mia mia na mia mbili mbili tangu Jumatatu, na Jumamosi saa saba mchana wenye alama hiyo wanapelekwa nyuma ya mabanda ya sokoni kunywa uji na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Wavulana wenyewe hawakujua kwamba kuna orodha. Kila mmoja aliamini ameitwa kwa sababu ya udugu na mmoja wa wale mabinti.

Kuanzia hapo nikawa nampelekea katibu macho kila inapokaribia dakika ya 50. Akiinua vidole viwili, kisha vitatu, najua namba 23 anakatika pumzi. Nilimtoa mchezaji kwa ishara yake zaidi ya mara moja, na nikasifiwa na mkuu wa shule kwa kusoma mchezo. Sifa hizo nilizipokea. Naliandika hili hapa kwa sababu lina uzito mbele ya safari.

Kazi nyingine ziligawanywa bila kikao. Watano wadogo walisimama nyuma ya lango la kusini, ambako uwanja unaishia na shamba la mikorosho linaanza, kazi yao kurudisha mpira. Wengine walishika kamba ya katani kando ya mstari ili watazamaji wasimwingilie mshika kibendera. Yote hayo sisi wakubwa tuliyaita kwa jina moja, hamasa.

Mdundo una wenyewe

Mechi tano za kwanza tulicheza Jumamosi tano mfululizo, tarehe 3 Februari hadi 2 Machi. Tulishinda nne, tukatoka sare moja nyumbani. Mabao 9 ya kufunga, 2 ya kufungwa, pointi 13. Mji mdogo ukaanza kuota, na wazee wakaanza kukumbushana jinsi Ndanda, klabu ya Mtwara, ilivyopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, mashabiki wake, wana Kuchele, wakajaa uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Tarehe 2 Machi ilikuwa pia siku ya kikao cha wazazi, na kikao kilipokwisha wengi walibaki kutazama. Tulishinda 3–0. Baada ya bao la tatu wasichana walibadilisha mdundo. Mimi niliona tu kwamba akina mama upande wa pili wameacha kupiga makofi, na wengine wamevuta khanga mdomoni.

Jumanne asubuhi, tarehe 5, akina mama watatu wa makamo walifika ofisini. Wawili niliwafahamu kama makungwi, wanaowafunda mabinti unyagoni. Wa tatu, mkubwa wao, alikuwa yule bibi mwenye tangi. Mkuu wa shule, mwanamke mchapakazi aliyehamia kutoka mkoa mwingine, aliniita nikae naye.

"Shikamooni, mama zetu."

"Marahaba, mwanetu."

Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za masomo. Kisha bibi akasema: "Mwalimu, watoto wanacheza vizuri na timu yenu tunaipenda. Lakini ule mdundo wa mwisho una wenyewe. Haupigwi mchana, wala haupigwi mbele ya wanaume."

"Una matusi?" mkuu akauliza.

Bibi alinitazama mimi. Akatazama chini. "Hapa sitasema."

Mkuu wa shule alihesabu ukimya ule kuwa ni ndiyo. Ningekuwa mahali pake ningehesabu vivyo hivyo: wasichana wa shule, viuno, mambo ya unyago uwanjani, na ofisi za juu zinazouliza kila siku kuhusu maadili na mimba. Aliwashukuru, akawaahidi kwamba jambo hilo halitarudia. Kabla ya saa sita tangazo lilikuwa ubaoni: kikundi cha ushangiliaji kimesitishwa hadi hapo itakapotangazwa. Ndoo nne zikafungiwa stoo kama vielelezo vya kesi.

Linganisha kilicholetwa na kilichoamuliwa. Walalamikaji walileta mdundo mmoja. Shule ikaondoa watu kumi na sita. Na katikati ya mambo hayo mawili kulikuwa na kiti nilichokalia mimi, mwanamume, mbele ya makungwi waliotakiwa kueleza jambo la kike. Mzaliwa wa Mikindani nisingeshindwa kulielewa hilo. Ningesema "samahani, mkuu, nitoke kidogo", mazungumzo yangechukua dakika chache. Sikutoka, kwa sababu nilitaka kusikia.

Mechi tatu

Ramadhani ilianza wiki iliyofuata. Tarehe 16 Machi tulikuwa nyumbani. Zaidi ya nusu ya kikosi kilikuwa kimefunga, na wapinzani hali kadhalika. Kwa aliyefunga, maji ya mapumziko si ya kunywa. Ni ya kichwani, shingoni, miguuni, na katika joto la Machi hapa uwandani hayo ndiyo yanayomrudishia mtu akili. Mapumziko yalipofika palikuwa na nusu ndoo kutoka jikoni, ina ukoko wa ugali pembeni. Wapinzani walikuja na madumu mawili ya maji kwenye kirikuu. Dakika ya 60 beki wetu wa kulia alibanwa na misuli, ya 66 kiungo, ya 71 winga. Dakika ya 74 tukafungwa.

Tukaanza kukimbiza bao, mpira ukapigwa nje makusudi kuelekea mikorosho. Nyuma ya lango hapakuwa na mtu. Mpira wa akiba ulikuwa umetoboka. Nikaingia mwenyewe shambani, viatu vikijaa mchanga, nikipiga nyasi kwa fimbo kwa hofu ya nyoka. Nilipoukuta chini ya matawi yaliyoinama na kurudi nao, saa yangu ilionyesha dakika nne zimekwenda. Mwamuzi aliongeza mbili.

Tarehe 23, ugenini, sare ya bila mabao. Mechi mbaya, sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa hili: namba 8, kiungo wetu, alimvuta mtu jezi mbele ya mwamuzi akapewa kadi ya njano. Niliona. Nikatikisa kichwa.

Ikafuata likizo fupi iliyokutana na Pasaka na Idi. Tulirudi tarehe 20 Aprili, nyumbani, tukashinda 2–1, bao la pili likifungwa na namba 8. Watu wakasema timu imeamka.

Jumanne barua ikaja. Kwa makubaliano yetu ya ligi, mchezaji mwenye kadi mbili za njano anakosa mechi inayofuata. Namba 8 alipewa ya kwanza Februari katika mechi ya nne, uwanjani kwa timu hiyohiyo tuliyoifunga tarehe 20, na mwalimu wao alikuwa ameiandika. Ya pili ilikuwa ile ya ugenini Machi. Walimu wanne wasiohusika walikaa chini ya mwembe kwa nusu saa. Tukapokonywa pointi, wakapewa wao. Mwalimu mwenzangu alinishika mkono tukitoka akasema, "Kaka, fomu ina saini yako." Hakusema kwa ubaya.

Nilimwita katibu aniletee kaunta. Alifungua ukurasa wa mechi ya nne bila kutafuta. Namba 8, kijimraba cha njano, dakika ya 52, "kubishana". Ukurasa wa mechi ya tano ulikuwa umejaa. Chini yake alipiga mstari kwa rula, akaandika: "Tumesimamishwa 5/3." Kurasa zilizofuata zilikuwa nyeupe.

"Mbona hukuniambia kuhusu kadi ya kwanza?"

"Ya pili sikuiona, mwalimu. Hatukwenda."

Nini hasa kilichoangusha timu

Vijana waliamini tumelogwa. Wakubwa wawili wa mtaani wakajitolea kuunda kamati ya ufundi, na anayejua mpira wetu anajua kamati hiyo si ya mafundi seremala. Niliwashukuru, nikawaambia shule haina fungu.

Wengi waliobaki walisema ni kelele. Kelele zina nguvu, sikatai. Mwaka 2020, corona ilipofanya ligi za Ulaya zichezwe viwanja vitupu, timu za nyumbani katika ligi ya Ujerumani zilipoteza sehemu kubwa ya faida ya kucheza kwao, na waamuzi wakapunguza kuwapa kadi wageni. Yaani kelele za mashabiki humwelemea zaidi mwenye filimbi kuliko mwenye njumu. Nasi tulifaidika: katika mechi ya kwanza ndoo zikivuma tulipewa penalti ambayo mpaka leo mimi sijaiona. Lakini angalia mechi tano nzuri. Mbili zilikuwa ugenini, walikokwenda wasichana watano au sita kwa nauli ya kuchangishana, bila ndoo hata moja ya kupiga, na zote tulishinda. Sare pekee tuliipata nyumbani, kikundi kizima kikiwa uwanjani. Kelele peke yake haiwezi kubeba hesabu hiyo.

Ramadhani nayo ilitajwa sana. Ingekuwa sababu kama wapinzani wasingefunga. Walifunga. Tofauti kati yetu na wao siku ile ilikuwa madumu mawili.

Ninachokiona mimi nikirudi nyuma ni kwamba shule ilikuwa na timu mbili, na moja haikuwa kwenye karatasi yoyote. Ile iliyoandikwa ilikuwa na kocha, nahodha, namba na jezi. Ile isiyoandikwa ilikuwa na maji, chakula, mipira, kamba na kumbukumbu. Kwa kuwa yote tuliyafunika kwa neno "hamasa", mtu aliyetia saini kusitisha hamasa hakuwa na njia ya kujua kwamba anafunga pia bomba la maji na ofisi ya usajili. Na mtu pekee aliyejua, aliyekuwa akiinuliwa vidole kila dakika ya 50, alikaa kimya ofisini tarehe 5 Machi, kwa sababu kusema "namtegemea yule binti kufanya mabadiliko" kungemlazimu arudishe sifa zisizo zake.

Hata maji hatukunyimwa. Hili lilinichoma baadaye. Bibi hakumkataza mtu kuchota. Hakuna mvulana aliyekwenda kumwomba, na mimi sikutuma. Mwezi mzima tulilalamika kiu, tangi likiwa mwendo wa dakika kumi na limejaa mvua ya masika mpaka mdomoni.

Kurudi

Wiki ya mwisho ya Aprili nilimwomba mwalimu wetu wa Kiswahili, mwanamke, mwenyeji wa huku na mwenye watoto wakubwa, aende nyumbani kwa bibi. Alikwenda peke yake na kilo ya sukari. Alirudi kabla chai ya saa nne haijapoa. Mdundo wenye shida ni mmoja, akasema, mabinti waliutoa unyagoni na wanajua wamekosea. Mingine haina neno. Na bibi ameuliza kwa nini watoto waibe cha ndani wakati sindimba ipo, ngoma ya Wamakonde iliyochezwa majukwaani na vikundi vya taifa tangu baada ya uhuru, na hakuna aliyeona haya.

Mkuu wa shule alisikiliza mpaka mwisho. "Wangeniambia hivi Machi."

"Walikuja kukuambia, mkuu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale."

Aliniangalia muda, kisha akafungua droo akanipa ufunguo wa stoo. Masharti yakawekwa: khanga juu ya sare kiunoni, na wote wawe njiani kuelekea nyumbani kabla ya magharibi. Jumamosi iliyofuata bibi alikuja mwenyewe uwanjani, akakalia kigoda, akawafundisha mkono wa sindimba kwa ndoo za rangi. Alilalamika kwamba plastiki haina sauti ya chini. Akapiga hata hivyo.

Ningependa kusema tukashinda zote zilizobaki. Mechi ya tisa ilikuwa tarehe 4 Mei, siku ambayo kimbunga Hidaya kilikuwa pwani yetu na mamlaka ya hali ya hewa imetahadharisha mikoa ya pwani, ikasogezwa hadi tarehe 11. Jezi mpya tulizoagiza Kariakoo zilikwama njiani, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikiwa imekatwa na maji upande wa Somanga. Tukaenda ugenini na jezi za zamani, maji ya kutosha, uji umenyweka, kaunta magotini, wasichana kumi na mmoja ndani ya fuso la korosho. Tukafungwa 2–1. Kipa alitoka vibaya kwenye kona mbili. Tarehe 18 tulishinda 1–0, ugenini pia, na tukamaliza na pointi 17. Bingwa alikuwa na 18. Zile 3 za namba 8 kila mtu anaweza kuzijumlisha mwenyewe.

Vijana wanne walichaguliwa timu ya wilaya. Fomu ya msafara ilikuwa na nafasi ya mwalimu, ya mtaalamu wa huduma ya kwanza na ya mtunza vifaa. Nilijaza jina la katibu kwenye hiyo ya mwisho, likarudishwa kwa maelezo kwamba nafasi ni ya mtu mzima. Siwalaumu, fomu inasema hivyo. Namba 8 alikwenda na nakala ya kurasa zake, aliyoandikiwa kwa mkono, dakika na kadi zote, na nimesikia kocha wa wilaya aliziomba azisome.

Msimu uliofuata mkuu wa shule alitoa barua rasmi ya katibu wa timu, mhuri juu, jina la msichana wa Kidato cha Nne chini. Mfereji wa paa ulitengenezwa. Ndoo mbili zikaandikwa MAJI kwa rangi nyekundu na mbili NGOMA, ili ugomvi usirudi. Kufikia mechi ya pili zote nne zilikuwa zinaingia uwanjani na maji, zimefunikwa majani ya mgomba, na kipindi cha pili zote nne zinapinduliwa.